Saa kumi jioni ndiyo inayowatoa wasichana uwanjani, si mila wala dini

#1 Kocha wa Mchangani

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha sekondari ya kata, na baada ya kazi nasimamia timu ya wasichana mtaani. Kila ukianza mjadala wa wanawake na michezo, watu hukimbilia mila, dini na "wazazi hawataki". Nimekaa na wazazi wengi vibarazani mwao. Wachache mno wamewahi kuniambia mpira ni haramu au ni wa wanaume. Wengi wananiuliza swali moja tu: "Mwalimu, akienda mazoezini, maji atachota nani?"

Fuateni saa. Kengele ya mwisho inagongwa saa tisa na nusu. Saa kumi mvulana keshatupa begi nyuma ya goli, shati kalifunga kiunoni, anacheza, kiatu awe nacho asiwe nacho. Msichana wa dawati hilohilo, muda huohuo, kavua sketi ya shule, kajifunga khanga, yuko kwenye foleni ya bomba na ndoo mbili. Akitoka hapo anawasha mkaa, anachambua mchicha, na mdogo wake yuko mgongoni. Giza linapoingia mvulana amecheza saa mbili na ushee. Msichana hajagusa mpira. Zidisha kwa siku tano za wiki, kwa miaka minne ya sekondari, halafu njoo uniambie wavulana wanatuliza mpira vizuri kwa sababu ya kipaji.

Ndiyo maana 2022 nilifurahi na kukasirika kwa mpigo. Serengeti Girls walikwenda India, timu ya kwanza ya soka ya Tanzania, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Japani wakatupiga 4-0, tukasema basi. Wale mabinti wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, ndipo Colombia wakawatoa kwa 3-0. Watoto wa chini ya miaka 17! Mimi naamini nyuma ya kila mmoja wao yuko mtu aliyekubali kuchota maji kwa niaba yake: kaka, bibi, shangazi. Tumekusanya waliobahatika kuachiwa, tukafika robo fainali ya dunia. Waliobaki bombani hatujawahi hata kuwaangalia.

Dada zao Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake wakubwa, walicheza fainali za Afrika mara ya kwanza 2010, Afrika Kusini. Mara ya pili ni Julai 2025, Morocco. Miaka 15 katikati. Safari hii walitoka sare 1-1 na Afrika Kusini, mabingwa wa 2022, wakapata pointi yao ya kwanza kwenye mashindano hayo. Nani anajua pengo hilo la miaka 15 limemeza wachezaji wangapi?

Sasa hapa ndipo ninapokwaruzana na wenzangu kazini. Muda pekee ambao msichana hana ndoo kichwani ni akiwa ndani ya geti la shule. Ratiba ina kipindi cha michezo, kimeandikwa kabisa ubaoni ofisini. Kinaliwa. Leo kinaliwa na hisabati, kesho na mtihani wa ujirani mwema, keshokutwa wanafunzi wanafyeka majani ya mgeni rasmi. Mvulana hapotezi kitu, atacheza saa kumi. Msichana kapoteza nafasi aliyokuwa nayo, ndiyo hiyohiyo. Tunapokula kile kipindi hatuli cha wote, tunakula cha wasichana.

Vikwazo vingine vipo, sivikatai. Karibuni mvitaje.

#2 Mtazamaji

Naweka kambi hapa. Uzi wa kusoma na kahawa.

#3 Jogoo la Shamba

Mwalimu, la maji nimekuelewa, ila usiwafiche watu. Msichana akikomaa kwenye mpira anakuwa na miguu ya beki wa kati, mwendo wa kiume, kifua hakuna. Mmesahau Agosti 2021 Rais Samia alipokuwa anawapongeza vijana wa U-23 waliobeba Kombe la CECAFA, lile la Afrika Mashariki na Kati? Aligusia hilohilo, kwamba wengine wana vifua bapa hadi unadhani ni wanaume, na ndoa kwao inakuwa mtihani. Akasemwa mpaka basi, lakini wazazi wengi walitikisa kichwa kukubali. Mzazi anaangalia posa, haangalii robo fainali.

#4 Mama Wawili

Jogoo, hicho ulichoandika ndicho kikwazo chenyewe, hukitaji tu kwa jina lake.

Kauli ile iliuma kwa sababu ilitoka kwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Ila tuwe wakweli, katika hotuba ileile aliuliza pia swali ambalo wengi hawakulishika: hawa mabinti miguu ikishachoka, wanaishije? Hilo la pili lilistahili wiki nzima ya mjadala. Tukabaki na vifua.

Binti yangu mkubwa alikuwa anapenda mpira kuliko chakula. Hakuna aliyemkataza. Mjomba wake alikuwa akimwona anarudi na magoti yaliyochubuka anacheka, "huyu atazeekea hapahapa". Vijana wa kijiwe cha bodaboda pembeni ya uwanja nao wana maneno yao kila akikimbia. Akiwa darasa la saba alianza kubaki ndani siku za mazoezi, mara tumbo, mara kichwa. Nilipombana akaniambia, "Mama, wananiangalia." Kifua kilikuwa ndiyo kinaanza, na mimi sidiria ya michezo nilikuwa hata siijui. Anakimbia huku mikono kaikunja mbele kama mtu anayesikia baridi. Utafunga goli namna hiyo?

Na siku zake zikifika ndiyo kabisa. Pedi ni pesa ya mboga. Serikali ilifuta VAT kwenye taulo za kike 2018, 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Sawa, haikushuka, maana waliobeba tofauti walijulikana. Kwa nini adhabu impate mtoto? Shule ya mwanangu wasichana wakitaka kubadilisha nguo za mchezo wanazungushiana khanga nyuma ya darasa, wawili wanashika, mmoja anabadili. Chumba hakuna, maji chooni hakuna. Nani atakuja na bukta siku hiyo?

#5 Jogoo la Shamba

Sijasema nakubali, nimesema wazazi wanavyofikiri. Msinirushie mawe.

#6 Mtoto wa Ng'ambo

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Watu wa bara mkizungumzia michezo ya wanawake mnakuja kutuonea huruma sie wa visiwani, kana kwamba kila baba wa hapa anamfungia mwanawe kwa kufuli. Nikumbusheni: hijabu uwanjani ilikatazwa na nani? FIFA. Katazo lilianza 2007, wakasema hatari kwa shingo. Juni 2011 timu ya Iran imeshafika Amman kucheza na Jordan kutafuta nafasi ya Olimpiki ya London, wakaambiwa hamchezi na hivyo vitambaa, mechi ikapotea, ndoto ikafa. Majaribio yakaruhusiwa 2012, ruhusa kamili ikaja Machi 2014. Kikapu wakachelewa zaidi, FIBA wamefungua mlango 2017. Kwa hivyo kwa miaka yote hiyo msichana wa Kiislamu alikuwa amezuiwa na watu wa FIFA kule Zurich, si na babake.

Sasa kwetu ni nini? Kwanza huyo saa kumi wa mwalimu huku ana ndugu yake: chuo. Mtoto akitoka skuli anakwenda madrasa, jioni yake ishakwisha. Hilo halina mgogoro, mvulana naye anasoma, lakini mvulana akitoka chuo anapitia uwanjani, msichana anapitia jikoni. Pili, kiwanja kiko wazi njia zote. Mama anakwambia mwanangu acheze, lakini asichezee barazani pa wanaume. Mimi naliona hilo ni ombi la ukuta, wenzangu wanalisikia kama ni katazo. Wekeni uzio na mwalimu wa kike, muone watakaobaki nyumbani ni wangapi.

#7 Mzee wa Hesabu

Nitakuwa mbaya wa uzi huu. Michezo siku hizi ni biashara. Hakuna mashabiki, hakuna mdhamini, hakuna mshahara. Ligi ya wanawake ukienda uwanjani unahesabu watu kwa vidole. Mzazi wa kiume au wa kike anapima: mtoto wangu atapata nini? Msilaumu bomba la maji. Laumuni soko.

#8 Kiraka

Mzee wa Hesabu, soko halianguki kutoka mbinguni. England wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanawake wa viwandani walianzisha timu. Desemba 26, 1920 mechi yao pale Goodison Park, Liverpool, ilijaza watu 53,000. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 5, 1921, FA, chama cha soka cha England, ikapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya vilabu vyake, ikisema mpira haufai kwa wanawake. Marufuku ile ilikaa nusu karne, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Soko lilikuwepo, likafungiwa geti. Halafu wajukuu wa waliofunga geti wanauliza mbona hakuna wateja.

Lakini sikuja kwa ajili ya England. Mimi nimecheza. Ligi, si bonanza. Beki wa kulia, kiungo, hata golini nimeshawahi kusimama dakika za mwisho, ndiyo asili ya jina langu hapa jukwaani. Ninachotaka kuongeza ni kwamba kocha wetu amesimulia mlango wa kuingilia. Ukishaingia, ndani kuna milango mingine.

Mkataba wangu ulikuwa karatasi moja, nikasaini, nakala wakabaki nayo wao. Nikabeba ujauzito. Kiongozi wa klabu akaniambia kwa upole kabisa, "Pumzika tu dada yetu, ukijifungua utatukuta." Mwezi uliofuata posho haikuja. Nikapiga simu, inaita. Nikatuma ujumbe, tiki mbili za buluu, kimya. Nilipokwenda kambini nikakuta kitanda changu kina mtu. Jezi yangu pia.

Kisheria? Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, analipwa si chini ya theluthi mbili ya mshahara wake, na klabu hairuhusiwi kumwacha kwa sababu ya mimba. Kanuni safi. Sasa kailalamikie bila nakala ya mkataba, uone. Mabinti mnaosoma hapa: kabla hujasaini, piga picha kila ukurasa kwa simu yako. Wakikataa usipige, ujue tayari.

Watu husema mwanamke akizaa mchezo umekwisha. Faith Kipyegon alijifungua 2018, akarudi akabeba dhahabu ya mita 1500 Tokyo, akaongeza nyingine Paris 2024. Uzazi haukumwondoa. Kinachotuondoa sisi wengine ni simu isiyopokelewa.

#9 Mtazamaji

Kiraka unaandika kama unavyokaba.

#10 Mama Wawili

Kiraka mwanangu, pole sana. Niulize ambalo wazazi tunaliogopa na hatulisemi. Mtoto akichaguliwa kwenda kambi ya mkoa, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) au timu ya kombaini, analala wapi na nani? Makocha karibu wote wanaume. Hizi habari za "nipe nikupange" ni kweli au ni maneno ya mitaani?

#11 Kiraka

Mama, ni kweli, ingawa si kila kocha. Wapo walionilea kama baba. Lakini mfumo unamruhusu mtu mmoja kuamua nani anasafiri, nani anabaki, nani analipwa posho, na hakuna wa kumuuliza. Hapo hata mtu wa wastani anajaribiwa.

Inavyoanza huioni. Anakununulia viatu peke yako. Anakupigia usiku kuulizia nyonga. Anakwambia wenzako wana wivu usiwaambie. Ukikataa huambiwi kitu, unajikuta benchi, baadaye nyumbani, na mtaani wanasema umeshuka kiwango.

Rushwa ya ngono ni kosa la jinai Tanzania, lipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Unaenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, huhitaji kibali cha chama cha mpira. Shida ni kwamba binti wa miaka 16 anayetaka kusafiri hatakwenda TAKUKURU. Kwa hiyo mzazi, uliza kabla ya kusaini fomu: mlezi wa kike ni nani, analala chumba gani, namba yake ipi. Wakikwambia "tutamtafuta", mtoto abaki mpaka apatikane. Nasema hivyo huku nikijua mtoto atalia.

#12 Ngao ya Kilifi

Hamjambo nyote. Nawasomea kutoka Kilifi.

Huku kwetu kuna shirika, Moving the Goalposts, liko tangu 2001, mpira wa wasichana vijijini. Ninalolipenda kwao ni kwamba wasichana wenyewe ndio marefa, ndio makocha, ndio wenye kupanga ratiba. Hapo anachouliza Mama Wawili kinapungua chenyewe, maana anayemfundisha mwanao ni dada wa kijiji cha pili, mamake unamjua. Na wanapozungumza mambo ya hedhi hawaoni haya, kwani wako wao kwa wao.

Lakini wakuu, kwetu Kenya tumejifunza jambo jingine kwa machozi. Mkishaondoa ndoo, mkaondoa kejeli, binti akashinda na kupata pesa, kikwazo kinabadilisha sura. Agnes Tirop, Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani, mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata akakutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, mumewe akashtakiwa. Alikuwa na miaka 25. Aprili 2022 Damaris Mutua naye akauawa hukohuko Iten. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa ametoka Olimpiki ya Paris, akamwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Trans-Nzoia, akafia hospitalini Eldoret. Ardhi aliyonunua ilitajwa kuwa chanzo cha ugomvi.

Ukiwauliza watu wa kule watakueleza mwendo wake. Msichana wa miaka 17, hana akaunti ya benki, hajui mkataba wa Ulaya. Anatokea mwanamume, anajifanya kocha, mara meneja, mara mume. Shamba linaandikwa jina la mwanamume huyo, gari pia jina lake. Msichana akiamka kuuliza, kichapo. Jamaa zake Tirop na wanariadha wenzake wameanzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanaopigwa.

Kwa hiyo mwalimu, nakuunga mkono kwa hoja ya wakati, ila wafundisheni pia kufungua akaunti kwa majina yao.

#13 Mzee wa Hesabu

Hilo la England sikulijua, nashukuru. Bado nasema bila pesa hatufiki. Simba Queens walimaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika 2022, JKT Queens wakabeba ubingwa wa CECAFA 2023. Pesa ziliwekwa, matokeo yakaja. Jeshi lilitoa ajira, mchezaji akawa na mshahara, mzazi akanyamaza.

#14 Jogoo la Shamba

Hapo kwa JKT umenena. Binti yangu akipata ajira ya jeshi kupitia mpira, mimi mwenyewe nachota maji.

#15 Mama Wawili

Jogoo, anza kuchota leo. Ajira inakuja baada ya miaka kumi ya kuchota.

#16 Kocha wa Mchangani

Nimesoma yote. Mtoto wa Ng'ambo na Kiraka mmeniongezea mambo ambayo siyaoni nikiwa mwanamume pembeni ya mstari wa chaki uwanjani. Kuna aliyeniuliza faraghani kama nimepata dawa ya foleni ya maji. Nimepata nusu yake.

Bomba la kijiji liko karibu na uwanja wetu. Nilikwenda kwa mama anayelisimamia, tukaongea. Sasa wasichana wanakuja uwanjani na ndoo zao, wanazipanga kwenye foleni pale bombani, kila ndoo imeandikwa jina kwa rangi ya mafuta. Mama yule anazisogeza zamu ikifika, anazijaza, anaziweka kivulini. Zoezi likiisha kila mmoja anabeba yake anaondoka. Mzazi anaona maji yamefika saa ileile ya siku zote. Wengine wamenishukuru bila kujua binti alikuwa na mpira mguuni muda wote. Wadogo zao tunawaacha wakae kwenye mkeka nyuma ya goli, na aliye majeruhi siku hiyo ndiye yaya.

Wanaopika sijawapatia ufumbuzi. Wanne wa kikosi changu ndio wapishi wa nyumba zao, mama anarudi sokoni usiku. Hao nawachezesha Jumamosi alfajiri tu, na inaonekana wazi wameachwa na wenzao. Kile kipindi cha shule kingewaokoa hasa hao. Muhula ujao nakipeleka kwenye kikao cha walimu, kwa maandishi. Najua nitaambiwa ufaulu kwanza.

#17 Ngao ya Kilifi

Waalike mamake hao wanne waje watazame siku moja, hata nusu saa. Wengi hawajawahi kuwaona watoto wao wakicheza.

#18 Kocha wa Mchangani

Nitajaribu Jumapili, siku ya soko kulegea. Mtoto wa Ng'ambo, swali: huo uzio unaousema mnaujenga kwa kitu gani? Ukuta wa tofali kwetu ni ndoto, na vijana wa bodaboda hawahami.

#19 Mtoto wa Ng'ambo

Makuti, mwalimu. Miti ya mikoko pembe nne na katikati, makuti yaliyosukwa yanafungwa kwa kamba ya usumba, kimo cha mtu mzima. Kama kwenu hakuna minazi, mabua ya mtama yanafaa, au viroba vya simenti vikishonwa. Acheni mlango upande wa bombani. Yakichakaa mnabadili baada ya masika.